Roboti ya Kamba Nne: Jinsi ya Kuifanya Ifuate Njia kwa Wakati Wake

Kamba huvuta, haisukumi. Ukilishika hilo moja, nusu ya matatizo ya roboti zinazoendeshwa kwa kamba utakuwa umeyaelewa kabla hujawasha mota. Mkono wa roboti wa kiwandani una mifupa ya chuma: mota ikienda mbele au ikirudi nyuma, mkono unatii. Roboti ya kamba haina mifupa. Kifaa chake kinaning'inia katikati ya kamba zinazokazwa na winchi, na kamba moja ikilegea, kompyuta inaendelea kuamini urefu ambao haupo tena.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kujenga roboti ndogo ya kamba nne na kuifanya ifuate mchoro, iwe mahali panapotakiwa kwa wakati unaotakiwa. Nachukulia kwamba unajua kuandika programu ya maikrokontrola na hujasahau trigonometria ya sekondari.

Mashine hizi zipo na zinafanya kazi kubwa. Garrett Brown, mbunifu wa Steadicam, ndiye pia aliyeleta Skycam, kamera inayoruka juu ya viwanja vya michezo ikiwa imeshikwa na kamba nne. Huko Guizhou, China, darubini ya redio ya FAST, iliyokamilika mwaka 2016, ina chumba cha vipokezi chenye uzito wa tani 30 hivi kinachosogezwa na kamba 6 za chuma juu ya sahani yenye upana wa mita 500. Hata wajenzi wa FAST hawakuziachia kamba kazi yote. Kamba hukifikisha chumba karibu na mahali pake, kisha mtambo mwingine wenye miguu 6, uliomo ndani ya chumba chenyewe, humalizia marekebisho madogo. Kumbuka jambo hilo utakapotamani usahihi ambao kamba haziwezi kukupa.

Watu wengi huanza na kanuni ya udhibiti, wakahangaika wiki nzima kubadilisha namba. Mimi nasema anza na vipimo vya fremu, fuata mkazo wa kamba, kisha saa ya programu, na namba za udhibiti ziwe za mwisho. Matatu ya kwanza yakiwa sawa, la nne ni kazi ya jioni moja.

Fremu, kamba na dramu

Jenga fremu ya mraba wa mita 1, isimame wima ukutani. Kila pembe ipitishe kamba moja inayokwenda kwenye kibebeo kidogo katikati, na kamba zote nne zifungwe kwenye nukta moja ya kibebeo hicho. Kwa mwendo wa pande mbili, yaani kulia na kushoto, juu na chini, kamba tatu zingetosha: kanuni ni kwamba kamba zizidi aina za mwendo angalau kwa moja, ili ziweze kukazana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana FALCON, roboti ya kasi iliyotolewa na watafiti wa Japani mwaka 1995, ilikuwa na waya 7 kwa mwendo wa aina 6. Kamba ya nne hapa inakuongezea eneo la kazi, na inarahisisha hesabu kwa namna utakayoiona hivi punde.

Kwenye pembe tumia pete za seramiki, zile za fimbo ya kuvulia samaki. Roda ina msuguano mdogo zaidi, lakini kamba huachana na roda mahali tofauti kila mwinamo wa kamba unapobadilika, na hesabu yako italazimika kuufuata mzingo huo. Kwa pete, kamba inaanzia karibu kabisa kwenye nukta moja isiyohama. Kwa roboti ya kwanza, faida hiyo ni kubwa kuliko hasara ya msuguano.

Kamba yenyewe iwe uzi wa poliethilini uliosukwa, unaouzwa kwa wavuvi. Nailoni inanyumbuka mno, achana nayo. Poliethilini nayo hurefuka polepole ikikaa na mzigo, kwa hiyo usiiache imekazwa usiku kucha kisha ukatarajia vipimo vya jana viwe sahihi leo.

Dramu inayozungushiwa kamba ndiyo sehemu ninayokuomba uwe mkali nayo. Chukua nusu kipenyo cha milimita 20, mzunguko mmoja uvute milimita 125.7. Ulalo wa fremu ni mita 1.414, kwa hiyo mizunguko 12 inatosha. Chonga mifereji 12 na ushee ili kamba isipande juu ya kamba. Ukikosea nusu kipenyo kwa milimita 0.1 tu, umekosea kwa nusu asilimia, na kamba ikivutwa nusu mita kosa limefika milimita 2.5. Hakuna kanuni ya udhibiti itakayolifuta, kwa sababu roboti haijui kwamba imekosea. Kwa hiyo usiisome namba hiyo kwenye mchoro, ipime. Ning'iniza uzito wa kilo 1, zungusha dramu mara 10 kamili, pima uzito umepanda milimita ngapi, ugawe kwa 62.83. Jibu ni nusu kipenyo halisi, unene wa kamba ukiwa umo ndani yake. Fanya hivyo kwa dramu zote nne. Hazitalingana.

Mota chagua zile unazoweza kuziamuru nguvu ya mzunguko, si mahali pa kusimama tu. Mota isiyo na brashi yenye udhibiti wa mkondo wa umeme na enkoda ndiyo nzuri. Mota za hatua, zile za printa za pande tatu, zinafaa kwa mashine ya kamba mbili inayoning'inia, kama Hektor ya Jürg Lehni na Uli Franke ya mwaka 2002, iliyochora ukutani kwa kopo la rangi ya kupuliza. Pale uzito wenyewe ndio unaokaza kamba. Kwenye kamba nne, mota nne zinazong'ang'ania urefu wake kila moja zitagombana: kosa la milimita moja katika vipimo linageuka kuwa ama kamba iliyolegea, ama kamba iliyokazwa hadi kitu kivunjike.

Kutoka mahali hadi urefu, na kurudi

Weka sifuri kwenye pembe ya chini kushoto. Pembe ya chini kulia ni (1, 0), ya juu kulia (1, 1), ya juu kushoto (0, 1). Kamba ziite 1, 2, 3 na 4 kwa mpangilio huo. Kibebeo kikiwa (0.3, 0.4), Pythagoras anakupa urefu: kamba 1 ni mita 0.5, kamba 2 ni 0.806, kamba 3 ni 0.922, kamba 4 ni 0.671.

Kurudi nyuma, yaani kujua kibebeo kiko wapi kutokana na urefu, kwa roboti nyingi za kamba ni kazi ya kubahatisha na kusahihisha mara kadhaa. Fremu yetu ya mraba inatusamehe. Chukua kipeo cha pili cha kamba 1, toa kipeo cha pili cha kamba 2, ongeza 1, gawa kwa 2: hiyo ndiyo x. Rudia kwa kamba 1 na kamba 4, unapata y. Kwa mfano wetu, 0.25 toa 0.65 ongeza 1 ni 0.6, nusu yake 0.3. Na 0.25 toa 0.45 ongeza 1 ni 0.8, nusu yake 0.4. Hakuna kubahatisha, na maikrokontrola inamaliza kufumba na kufumbua.

Kuna zawadi nyingine humo. Katika mstatili wowote, kipeo cha pili cha kamba 1 ukijumlisha na cha kamba 3 lazima kilingane na jumla ya kamba 2 na kamba 4. Hapa zote mbili ni 1.1. Weka kipimo hiki ndani ya programu, kihesabiwe kila mzunguko. Jumla hizo zikiachana kupita kiasi ulichoweka, ama kamba imelegea, ama imeruka mfereji, ama enkoda imepoteza hesabu, na mashine isimame hapo hapo. Nakipenda kipimo hiki kuliko sensa nyingi za kununua, maana hakigharimu kitu.

Bajeti ya mkazo

Sasa tumefika penye moyo wa jambo. Kwa kila wakati kuna nguvu moja ambayo kibebeo kinahitaji, na kamba nne za kuileta. Njia za kuigawanya hazina mwisho. Unachotafuta ni mgawanyo ambao kila kamba imekaa juu ya kiwango cha chini, isilegee, na chini ya kiwango cha juu, isikatike wala kuilemea mota. Tuseme newtoni 5 na newtoni 35.

Njia ninayoipendekeza inaanzia katikati ya viwango hivyo, newtoni 20 kwa kila kamba, kisha inasahihisha kidogo iwezekanavyo hadi jumla ya nguvu iwe ile inayotakiwa. Kwa kila kamba tafuta uelekeo wake kutoka kwenye kibebeo kwenda kwenye pembe, vekta yenye urefu wa 1. Zipange vekta hizo nne ziwe safu wima za matriksi A, yenye mistari 2. Izidishe A kwa geuzo lake la mistari na safu. Unapata matriksi ndogo ya 2 kwa 2, ambayo kinyume chake unakiandika kwa mkono bila maktaba yoyote. Chukua nguvu inayoletwa na newtoni 20 za kila kamba, toa nguvu inayotakiwa, izidishe tofauti hiyo kwa kinyume ulichopata. Matokeo ni vekta yenye namba mbili. Kwa kila kamba, zidisha vekta hiyo kwa uelekeo wa kamba, kisha toa jibu kutoka kwenye 20.

Tuijaribu pale pale (0.3, 0.4), kibebeo cha kilo 0.5 kikiwa kimetulia. Kinahitaji newtoni 4.9 kwenda juu, basi. Hesabu inatoa newtoni 23.4 kwa kamba 1, 14.5 kwa kamba 2, 15.6 kwa kamba 3 na 23.1 kwa kamba 4. Zijumlishe kwa uelekeo wake: upande wa mlalo zinafutana, upande wa wima inabaki 4.9. Kamba za kushoto zimekazwa zaidi ingawa kibebeo kiko kushoto, kwa sababu zile za kulia zimelala karibu na mlalo na uvutaji wake wa pembeni ni mkubwa. Lazima kuwe na wa kuusawazisha. Ukizidisha mkazo kwa nusu kipenyo cha dramu unapata nguvu ya mota: kamba 1 inadai newtoni-mita 0.47. Nunua mota kwa namba hiyo ukiwa umeiongezea nafasi ya kutosha.

Kamba moja ikitoka nje ya viwango, iweke kwenye kiwango ilichovuka, uitoe kwenye hesabu, urudie kwa zilizobaki. Ikishindikana tena, tatizo ni njia uliyoipanga. Punguza kasi yake au isogeze mbali na kingo. Acha sentimita 10 kila upande wa fremu bila kuzigusa, hasa juu: kamba zinazokaribia kulala hudai mkazo mkubwa kwa kubeba uzito mdogo. Kilo 0.5 ikining'inia kwa kamba mbili kati ya pete zilizoachana mita 1, kamba zikishuka nusu mita, kila moja inabeba newtoni 3.5. Zikishuka sentimita 5 tu, kila moja inabeba 24.6. Uzito ni ule ule.

Saa haisubiri

Kufuata njia maana yake ni kwamba kila milisekunde ina mahali pake. Usiiambie roboti ruka kutoka hapa hadi pale. Ipangie mwendo unaoanza polepole na kuisha polepole. Kanuni nzuri ni polinomia ya daraja la 5. Ukiuita muda uliopita ukigawanywa kwa muda wote t, sehemu ya njia iliyokwishapitwa ni t³ mara 10, toa t⁴ mara 15, ongeza t⁵ mara 6. Mwanzoni na mwishoni kasi na mchapuko vyote ni sifuri, kwa hiyo kamba hazistuki. Nusu mita kwa sekunde 1 inakupa kasi ya juu ya mita 0.94 kwa sekunde na mchapuko wa juu wa mita 2.9 kwa sekunde mraba.

Kwa kasi hiyo, kuchelewa milisekunde 10 ni kuwa nyuma kwa milimita 9.4. Weka mzunguko wa udhibiti uwe mara 1,000 kwa sekunde, uanzishwe na kipima muda cha maunzi, si kwa amri ya kusubiri iliyowekwa ndani ya programu. Maikrokontrola ya ESP32 ina viini viwili: kimoja kipe udhibiti peke yake, kingine kishughulike na mawasiliano.

Na usichapishe chochote kwenye skrini ndani ya mzunguko huo. Njia ya kawaida ya mawasiliano ya mfululizo (serial), ya biti 115,200 kwa sekunde, hupitisha herufi 11 hivi kwa milisekunde. Mstari wa herufi 60 unakula zaidi ya milisekunde 5, yaani mizunguko mitano imepotea kwa ajili ya kuona namba. Hifadhi data kwenye kumbukumbu, isome baada ya mwendo kuisha. Ukitaka kutumia kompyuta ya Linux, tafuta kerneli iliyowashwa uwezo wa muda halisi; kuanzia toleo la 6.12 la mwaka 2024 uwezo huo, uitwao PREEMPT_RT, umo ndani ya kerneli kuu.

Kanuni ya udhibiti

Sasa namba. Nguvu inayotakiwa ni uzito wa kibebeo, kujumlisha masi ikizidishwa na mchapuko uliopangwa, kujumlisha masahihisho mawili: kosa la mahali na kosa la kasi, kila moja na kizidishi chake. Sehemu ya mchapuko uliopangwa ndiyo wanayoisahau wengi. Bila hiyo roboti inasubiri ikosee kwanza ndipo ijitume. Ukiiweka, sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla kosa halijatokea.

Kwa vizidishi anza na 400 kwa mahali na 40 kwa kasi, vyote vikizidishwa na masi. Hiyo ni sawa na mfumo wa radiani 20 kwa sekunde unaorudi mahali pake bila kuyumba. Ukisikia mlio wa kutetema, punguza. Ikiwa kibebeo ni kizito kutii, ongeza cha mahali, na cha kasi kwa mzizi wa pili wa nyongeza hiyo.

Masi utakayoiweka si ya kibebeo tu. Mota na dramu zinazozunguka nazo zina ukaidi wake (inersia), na kuuona upande wa kamba unaugawa kwa mraba wa nusu kipenyo. Mota yenye ukaidi wa kilo-mita mraba 0.00004 kwenye dramu ya milimita 20 ni sawa na kilo 0.1 ya ziada kwa kila kamba. Ziko nne, na kibebeo chako ni nusu kilo. Kwa hiyo hesabu jinsi kila kamba inavyotakiwa kuchapuka, uongeze nguvu hiyo kwenye mota husika.

Msuguano wa pete pia upime. Pandisha uzito unaoujua polepole, kisha ushushe polepole; nusu ya tofauti ya nguvu ya mota ndiyo msuguano. Uongeze kwenye amri kulingana na upande kamba inaokwenda, ila karibu na kasi ya sifuri uupunguze taratibu, la sivyo mota zitatetemeka zikiwa zimesimama.

Jambo la mwisho hapa ni kasi iliyopimwa. Enkoda ya hatua 4,096 kwenye dramu yetu inaona milimita 0.03 kwa hatua. Inaonekana ndogo, lakini ukigawa kwa milisekunde 1 hatua moja inakuwa milimita 31 kwa sekunde. Kasi itaruka kati ya 0 na 31 hata roboti ikitambaa. Ichuje, kwa uangalifu: kichujio rahisi cha hezi 50 kinakuongezea ucheleweshaji wa milisekunde 3 hivi.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Kabla kamba hazijafungwa kwenye kibebeo, ipe kila mota amri ndogo chanya na uhakikishe inavuta kamba ndani, na enkoda inaonyesha urefu ukipungua. Alama moja ikiwa kinyume, mota itakimbia hadi kitu kikatike. Kisha funga kamba, shikiza kibebeo kwenye pini iliyochomekwa mahali unapopajua kwa kipimo, na uziambie enkoda urefu wake wa kuanzia. Weka mkazo wa newtoni 10 bila udhibiti wowote wa mahali, uone kipimo cha zile jumla mbili za vipeo kinakaa kimya. Baada ya hapo washa udhibiti, toa pini, sukuma kibebeo kwa kijiti: kirudi bila kuyumba. Halafu mstari mfupi wa polepole, mstari wa kasi, na duara mwishoni, kwa sababu duara linabadilisha upande wa kila kamba na kufichua msuguano ambao mstari ulikuwa umeuficha.

Makosa yakifuata umbo la njia, yaani duara limetoka yai, rudi kwenye vipimo vya fremu na dramu. Yakiongezeka na kasi, rudi kwenye saa na masi. Yakitokea kamba inapogeuza upande tu, ni msuguano. Usiguse vizidishi kabla hujajua kosa liko wapi kati ya hayo matatu.

Usalama ni sehemu ya udhibiti. Desemba 2011, katika mchezo wa soka ya Kimarekani wa Insight Bowl huko Tempe, Arizona, kamera ya kamba ilianguka uwanjani ikamkosa kidogo mchezaji wa Iowa. Weka swichi ya dharura inayokata umeme wa mota, na uwe tayari kwa kinachofuata: umeme ukikatika, mota zisizo na breki zinaachia na kibebeo kinashuka. Kwa nusu kilo ukutani, mto wa sponji chini unatosha. Ukivuka kilo chache, breki kwa kila winchi si hiari, na kila siku ya kazi ianze kwa kuikagua kamba kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikuta uzi mmoja umekatika, badilisha kamba nzima, na mtu yeyote asisimame chini ya mzigo.